Kisu cha tabaka: Ugumu wa makali na hatari ya kumeguka

WAHENGA walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Hawakusema makali hayo yatadumu kwa muda gani, na hapo ndipo kazi ya mhunzi inapopimwa.

Katika Kata ya Kiloleli, wilayani Busega, mkoani Simiyu, kama ilivyo kwingineko Usukuma, kisu ni nyenzo ya kila siku kwa mfugaji, mvuvi na mama wa nyumbani. Kisu kilichofuliwa kwa mkono huuzwa bila cheti cha ubora. Makali yakimeguka, hasara ni ya mnunuzi, na kipande cha chuma chaweza kubaki ndani ya nyama.

Wataalamu wa metali hutofautisha sifa mbili ambazo wengi huzichanganya. Ya kwanza ni ugumu, yaani uwezo wa chuma kukataa kubonyea. Ya pili ni ustahimilivu, yaani uwezo wa kupokea pigo bila kupasuka. Kioo ni kigumu, lakini huvunjika kwa pigo moja.

Ugumu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell, ambacho Hugh na Stanley Rockwell wa Marekani walipewa hataza yake mwaka 1919. Ustahimilivu hupimwa kwa nyundo ya kubembea inayohusishwa na Mfaransa Georges Charpy, aliyeieleza mwaka 1901.

Kwa kawaida, sifa moja ikipanda nyingine hushuka. Visu vingi vya jikoni vya Ulaya huwa na ugumu wa kati ya 54 na 58 kwa kipimo cha Rockwell C, ilhali vingi vya Japani hufikia 60 au zaidi. Hivi vya pili hukaa na makali muda mrefu, lakini humeguka vikigonga mfupa.

Wahunzi wa Japani na wa nchi za Skandinavia walitafuta suluhu kwa kuunganisha vyuma viwili kwa moto na nyundo. Chuma kigumu chenye kaboni nyingi huwekwa katikati, na chuma laini hukizunguka pande zote mbili. Zamani njia hiyo iliokoa pia chuma cha pua, kilichokuwa adimu na ghali.

Hata hivyo, tabaka za pembeni hulinda bapa zima lisikatike vipande viwili na hurahisisha kunoa. Haziyalindi makali yenyewe, kwa kuwa ukingo unaokata ni ule wa chuma cha katikati pekee. Kikiwa kimekaushwa kupita kiasi, kitameguka hata kama pembeni pana chuma laini.

Eneo la Maziwa Makuu si geni katika elimu hii. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science kwamba watu wa Buhaya, magharibi mwa Ziwa Victoria, waliyeyusha chuma chenye kaboni zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Warongo nao walisifika kwa kuyeyusha chuma, na majembe yao yaliuzwa hadi Usukuma.

Siku hizi malighafi ya wahunzi wengi ni chuma chakavu. Springi za gari huwa na kaboni takriban asilimia 0.6, na tupa kuukuu mara nyingi hufikia asilimia 1. Chuma laini cha kawaida huwa na chini ya asilimia 0.3, hivyo hakikauki vya kutosha kushika makali.

Hatari huanzia katika moto. Kuunganisha tabaka huhitaji joto linalozidi nyuzi 1,000 za Selsiasi. Chuma kikikaa humo muda mrefu, chembe zake hukua, na chembe kubwa hupunguza ustahimilivu. Aidha, kaboni huhama kutoka katikati kwenda pembeni, na makali hupoteza ugumu.

Baada ya kufua, kisu hupashwa hadi karibu nyuzi 800. Dalili mojawapo ya kukaribia joto hilo ni sumaku kuacha kukishika. Kisha hutumbukizwa katika mafuta. Maji hupoza kwa kasi zaidi na yaweza kukipasua.

Kisu kilichotoka hapo ni kigumu lakini dhaifu kama kigae. Ni lazima kipashwe tena polepole hadi takriban nyuzi 200, ambapo chuma kilichosuguliwa hung'aa rangi ya manjano hafifu. Hatua hii ndiyo inayorudisha ustahimilivu, na ndiyo rahisi kurukwa na mwenye haraka.

Mnunuzi anaweza kujipimia. Akandamize makali taratibu juu ya ufito wa shaba nyeupe. Yakimeguka, ni magumu mno. Yakipinda yasirudi, ni laini mno. Yakipinda kidogo na kunyooka, mhunzi ameifahamu kazi yake.

Mwisho, kila kisu kitumike kwa kazi yake. Chenye makali membamba na magumu kinafaa minofu ya samaki. Cha kukatia mifupa kiwe kinene na laini zaidi, hata kama kitanolewa mara kwa mara.