Kilichopunguzwa Hakirudi

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Kufikia 1965 kituo kilikuwa kimeshakuwa Radio Tanzania, na studio yake ndiyo iliyorekodi sehemu kubwa ya muziki wa dansi nchini: NUTA Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz na wenzao. Bendi iliyotaka santuri ilifunga safari hadi Nairobi, maana Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzichapa. Nyimbo nyingi zilibaki kwenye tepu za redio tu.

Mpakani Tunduma nyimbo hizo zilifika hewani, kisha kwa kanda, kisha kwa CD za kuchoma, na sasa kwa memori kadi. Fomati iliyoshinda ni MP3, jina ambalo watafiti wa Ujerumani walilichagua mwaka 1995. Sababu ni hesabu. Dakika moja ya muziki wa CD hula megabaiti 10 na ushei. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hula moja hivi. Kadi ya gigabaiti 1 hubeba saa moja na nusu ya kwanza, au saa 17 za pili. Dereva wa lori aliyekwama kwenye foleni ya kuingia Nakonde hahitaji kushawishiwa.

Ila MP3 hupunguza kwa kutupa sauti ambazo sikio hudhaniwa halitazigundua, na kilichotupwa hakirudi. Kuigeuza MP3 kuwa WAV ni kumimina kikombe cha uji kwenye ndoo: chombo kimekua, uji ni uleule. FLAC, iliyotoka 2001, hukunja faili bila kutupa kitu, mara nyingi hadi karibu nusu ya ukubwa wake.

Kwa hiyo maktaba hutunza nakala mama katika WAV au FLAC, na MP3 huzalishwa kutoka humo kwa ajili ya wasikilizaji. Kwa tepu za zamani, wahifadhi wa sauti hushauri biti 24 na angalau kilohezi 48.

Huko Vwawa au Mbozi, kanda ya ngoma ya harusi ya Kinyiha iliyo kabatini huenda haina nakala popote. Utepe unachakaa, na redio za kanda zinazidi kuadimika. Anayeihamishia kwenye kompyuta leo huenda ndiye wa mwisho kuweza. Akihifadhi MP3 peke yake, wajukuu watasikia kile tu ambacho fomati hiyo ilikiacha.