Mwelekeo wa Wimbi si Mkabala wa Wimbi

Chombo kilichotia nanga moja hakikai na uso mmoja. Upepo ukigeuka, nacho hugeuka, na wimbi lililokuwa likipiga omo sasa linapiga ubavuni. Bahari haikubadili njia. Aliyegeuka ni chombo. Baharia huihisi tofauti hiyo miguuni, lakini katika maandishi yetu ya mitambo ya upepo inayoelea huwa inapotea, kwa sababu kila mahali tunaandika “mwelekeo wa wimbi”.

Hapa pana mambo mawili, na kila moja linadai jina lake. Mwelekeo ni pembe ya njia ya wimbi ikipimwa kwa dira. Mkabala ni pembe ya wimbi hilohilo ikipimwa kutoka kwenye jukwaa lenyewe. Kinachoyatenga ni mgeuko, yaani jukwaa kuzunguka kwenye mhimili wake wa wima. Si mrama, ambao ni kuyumba ubavu kwa ubavu. Hesabu yake ni fupi: mkabala ni mwelekeo kutoa mgeuko.

Kwenye mitambo mitano ya Hywind Scotland, iliyoanza kazi mwaka 2017, kila boya limeshikwa na nanga tatu. Mgeuko ni mdogo, hivyo neno moja halileti madhara makubwa. Lakini jukwaa la kampuni ya X1 Wind, lililojaribiwa kwenye Visiwa vya Kanari, lilifungwa sehemu moja tu, na lote lilizunguka kuufuata upepo. Hapo mgeuko unaweza kufika pembe yoyote.

Mhandisi anayeiga jukwaa kama hilo kwa kompyuta huanza na programu kama WAMIT, inayokokotoa nguvu za mawimbi kwa kila pembe aliyoiorodhesha na kuzipanga katika jedwali. Kisha programu ya OpenFAST hulitumia jedwali hilo kupata nguvu zinazolisukuma jukwaa. Tuseme jedwali lina pembe za nyuzi 0 hadi 90, kila baada ya nyuzi 15. Wimbi linakuja kwa nyuzi 30, jukwaa limegeuka nyuzi 70. Mkabala ni hasi 40, na jedwali halina pembe hiyo. Ndiyo maana, mgeuko ukiwa mkubwa, jedwali hutakiwa lizunguke duara zima la nyuzi 360, tena kwa pembe zilizokaribiana, maana thamani za katikati hukadiriwa tu.

Sasa mwambie mhandisi kijana, “Andaa mielekeo yote ya mawimbi.” Akijua kwamba mawimbi ya eneo lake hutoka magharibi pekee, ataandaa ya magharibi na kuona kazi imekwisha. Mwambie, “Andaa mikabala yote,” naye ataelewa kuwa hata wimbi la upande mmoja litalipiga jukwaa kutoka pande zote.

Wapo watakaosema kuwa wanaisimu wameshalichukua neno mkabala kwa maana ya njia ya kuchambua jambo. Ni kweli, ila maana yake ya asili, ya vitu viwili kuelekeana, bado iko hai midomoni mwa watu, na ndiyo tunayoihitaji hapa. Mgeuko nao utajwe pamoja na mwenyewe, mgeuko wa jukwaa, kwa kuwa kichwa cha mtambo nacho hugeuka juu ya mnara.

Wafasiri wenzangu, tuandike mwelekeo kwa bahari na mkabala kwa jukwaa, wala tusiyabadilishane maneno haya.