Mama Mzazi, Pumziko na Misuli Isiyoonekana

Kuna ugonjwa ambao wamama wetu wanauficha hata kwa dada zao wa tumbo moja. Mama anakohoa, mkojo unamponyoka. Anainua bidoni ya maji, anasikia kama kitu kinashuka chini. Pole pole anaacha kuenda ibadani, na katika kilio anakaa pembeni, kwa kuogopa harufu. Ukimuuliza atasema: «Ni mambo ya uzazi, njo vile.» Insha hii inataka kuonyesha kwamba hapana, sivyo ilivyo lazima, na kwamba wakubwa wetu walikwisha kushika nusu ya dawa.

Kwanza tuelewe mwili. Chini ya nyonga, toka mfupa wa mbele mpaka kifandugu cha nyuma, kuna misuli iliyotandikwa kama kitanda cha kamba. Wale waliosoma Kifaransa wanaiita perine. Juu yake vimelala kibofu, kizazi na mwisho wa utumbo. Kila mimba inaikalia kwa miezi 9, na wakati wa kuzaa inavutwa sana, hata kupasuka. Ikilegea, mkojo unatoka mama akicheka au akipiga chafya, au kizazi kinashuka. Kuna wamama wengine ambao misuli hiyo imekaza kupita kiasi: hao wanaumia katika tendo la ndoa na wanapata shida kwenda choo.

Desturi zilisema nini? Mfano unaojulikana sana katika inchi yetu ni Walé wa Waekonda, watu wa kundi la Wamongo, upande wa Ziwa Mai-Ndombe. Msichana akizaa mtoto wa kwanza, anarudi kwa wazazi wake. Anapakwa ngola nyekundu, anatumikiwa kwa heshima, hafanyi kazi nzito, na hakutani na mume. Mambo hayo yanaweza kuendelea miaka kadhaa, kisha anatoka kwa sikukuu ya nyimbo na michezo. Tusidanganyane: wakubwa hawakuwa wanafikiri juu ya perine. Walitaka mtoto akomae na mimba zisifuatane mbio. Lakini mwili wa mama ulipata faida: muda wa kupona bila mzigo.

Sasa tuangalie Kivu. Barabarani Bukavu utaona mama ameinama, mkanda uko kwenye paji la uso, mgongoni gunia la makala au la mihogo, pengine zito kuliko yeye mwenyewe. Wengi wamezaa majuzi tu. Si kwa kudharau desturi: vita na njaa vimewanyima pumziko. Kila mara anapoinua mzigo, tumbo linasukuma chini, juu ya misuli ambayo haijapona.

Ila pumziko peke yake halitoshi, na hapa historia inatupeleka mbali. Katika 1936, Margaret Morris, mcheza dansi wa Uingereza aliyesomea pia kazi ya kukanda mwili, alitoa kitabu cha mazoezi kwa wamama wazazi na watu waliopasuliwa. Katika 1948, daktari Arnold Kegel wa Los Angeles aliandika kwamba misuli ya perine inaweza kufundishwa kama msuli wa mkono. Alitengeneza chombo chenye kipimo, ili mama aone kwa macho yake kama anakaza kweli. Jambo hilo lilikuwa na maana kubwa, sababu wengi wanadhani wanakaza, kumbe wanasukuma.

Hapa kwetu, mambo hayo yaliingia kwa mlango wa uchungu. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa Bukavu katika 1999 na daktari Denis Mukwege, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani katika 2018, pamoja na hospitali ya HEAL Africa huko Goma, zimepasua wamama wengi sana wenye fistula: wengine kwa ajili ya uzazi uliokwama, wengine kwa ubakaji. Lakini tundu likifungwa, si kila mara mkojo unaacha kutoka, maana misuli inaweza kuwa ingali dhaifu. Ndiyo sababu huko HEAL Africa waliongeza kazi ya kine kando ya upasuaji, na habari ya jaribio hilo ilichapishwa katika 2014.

Kine anafanya nini? Anamfundisha mama kukaza kama mtu anayezuia hewa na mkojo pamoja, bila kufunga pumzi, bila kubana matako, kisha kulegeza kabisa. Mara 8 kwa kila kipindi, vipindi 3 kwa siku, kwa miezi 3 kamili. Anamfundisha pia kukaza kabla ya kukohoa au kuinua bidoni. Yule aliyekaza kupita kiasi anafundishwa kulegeza na kupumua. Kumwambia akaze tena ni kumzidishia. Mukusanyo wa tafiti uliotolewa 2018 ulionyesha kwamba, kwa wamama wanaovuja wakikohoa au wakiinua kitu, 56 kwa 100 waliofanya mazoezi walisema wamepona. Kwa wasiofanya ni 6 tu. Fistula yenyewe haiponi kwa mazoezi: mkojo ukitiririka mchana na usiku, mama aende kwa daktari haraka.

Basi, tusitupe desturi, wala tusiifanye miujiza. Mume ambebee mke wake maji majuma ya kwanza. Mama mkwe asimwambie mzazi kwamba yeye alilima siku ya tatu. Wazalishaji wa materinite waulize bila haya: «Mama, mkojo unakushika?» Swali hilo fupi linaweza kumrudisha mtu katika kiti chake kanisani. Walé alitoka ndani akiimba, na watu wakamtazama kwa furaha. Mama zetu nao wanastahili kutoka vile.