Mafuriko Nyatike na haki ya makazi

Macalder ni mji wa machimbo ya dhahabu katika eneo la Nyatike, Kaunti ya Migori. Karibu nao hupita Mto Kuja, unaomwaga maji Ziwa Victoria. Mvua ikizidi, mto huvunja kingo na nyumba za udongo huanguka. Mwaka 2020, ziwa nalo lilijaa kuliko ilivyowahi kurekodiwa. Joto la dunia likipanda, hewa hubeba mvuke mwingi zaidi, na mvua kubwa huzidi ukubwa.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makazi ya kutosha. Cha 21 kinaitaka Serikali kuitimiza hatua kwa hatua. Kwa hivyo, kingo imara na makao mapya kwa waliohamishwa na maji si hisani, bali ni wajibu.