Shaba Iliyo Chini ya Nyumba Ni ya Nani?

Mtu akijenga nyumba yake Kolwezi, akachimba shimo la choo na kukuta madini, je, madini hayo ni yake? Wengi hujibu: “Ndiyo, kiwanja ni changu.” Sheria yasema sivyo. Tutazame basi jinsi neno hili lilivyoanza.

Zamani wazee wetu walichimba shaba wakati wa kiangazi, wakaiyeyusha na kuifanya misalaba ya kununulia vitu na kulipia mahari. Machimbo yalikuwa chini ya watemi, nao walipokea ushuru wao.

Tarehe 1 Julai 1885 serikali ya mfalme Leopold II iliamuru kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya Dola. Lakini ni nani aliyepima ipi ina mwenyewe? Shamba lililopumzishwa na msitu wa kuwindia vilihesabiwa kuwa vitupu. Mwaka 1900 iliundwa Halmashauri Maalum ya Katanga, nayo ikaiendesha nchi hii kwa kugawana faida: mafungu mawili kwa Dola, fungu moja kwa kampuni. Mwaka 1906 ilizaliwa Union Minière du Haut-Katanga. Ndiyo iliyoujenga mji wa Kolwezi mwaka 1937.

Uhuru ulipokuja mwaka 1960, bendera ilibadilika, lakini hati za machimbo zilibaki mikononi mwa wale wale. Ndipo tarehe 7 Juni 1966 ikatoka sheria ambayo watu waliiita ya Bakajika: Kongo ilirudishiwa haki zote za ardhi, misitu na madini. Mwanzoni mwa 1967 mali ya Union Minière ilitwaliwa na serikali, na kampuni iliyoirithi ndiyo leo Gécamines. Sheria ya 20 Julai 1973 ikakaza: udongo ni mali ya Dola peke yake, wala hauuzwi. Raia hupewa haki ya kuutumia tu.

Hivyo mwenye nyumba wa 1885 na mwenye nyumba wa leo wanasikia karibu neno lile lile. Watu wa mtaa wa Kasulo walilijua vema: mwaka 2014 madini yalipoonekana chini ya nyumba zao, walichimba hata vyumbani, na mwaka 2017 jamaa nyingi zilihamishwa.

Hata hivyo sheria haikumwacha raia mikono mitupu. Anayeondolewa kwa ajili ya machimbo ana haki ya kulipwa fidia. Tena sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inagawa ushuru wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji au sekta yenye machimbo, na 10 kwa akiba ya vizazi vijavyo. Kampuni nayo hutoa 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji.

Basi tusiseme tu, “Wakubwa wanakula.” Tuulize kwa adabu na bila woga: asilimia zile 15 zimejenga shule gani, zahanati gani, kisima gani? Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari ni la mji wetu, na kulidai ni wajibu wa kila mkristo na kila raia mwema.