Thamani ya Uchunguzi wa Afya wa Mara kwa Mara kwa Wanafunzi wa Vyuo Vikuu Tanzania

Uchunguzi wa afya wa mara kwa mara ni upimaji wa mtu ambaye hajisikii mgonjwa, ili kubaini maradhi kabla dalili hazijajitokeza. Nchini Tanzania, mwanafunzi wa chuo kikuu hukutana nao kupitia fomu inayoambatana na maelekezo ya kujiunga. Huipeleka hospitali, hupimwa, daktari hujaza na kugonga mhuri, kisha fomu hukabidhiwa chuoni siku ya usajili. Mara nyingi uchunguzi huishia hapo hapo, wakati thamani yake halisi imo katika vipimo vichache vilivyochaguliwa kwa makini, vinavyorudiwa kwa wakati wake na kufuatiwa na huduma.

Wanaotilia shaka uchunguzi wa jumla wana hoja nzito. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2019, yaliyokusanya majaribio 17 na watu wazima zaidi ya 250,000, hayakuona kwamba uchunguzi huo hupunguza vifo. Hata hivyo, majaribio hayo yalifanyika Ulaya na Marekani, ambako mtu humfikia daktari kwa urahisi hata bila kuitwa kupimwa. Fundisho la mapitio hayo ni kwamba wingi wa vipimo si kinga. Kigezo kinachofaa zaidi ni kile cha Wilson na Jungner, kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1968: ugonjwa uwe tatizo kubwa, uwe na kipindi cha kujificha, kipimo chake kikubalike, na tiba yake ipatikane.

Shinikizo la juu la damu linakidhi kigezo hicho. Mwaka 2021 Shirika hilo lilikadiria kuwa asilimia 46 ya watu wazima wenye tatizo hili duniani hawajui kuwa wanalo. Kulipima hakuhitaji maabara, ila kunahitaji utulivu. Mwanafunzi hukaa kitini dakika tano bila kuzungumza, mgongo umeegemea, nyayo zimekanyaga sakafu, mkono umewekwa mezani usawa wa moyo. Kisha hupimwa mara mbili. Aliyepanda ngazi mbio na kupimwa papo hapo hupewa namba isiyo yake. Akionekana kufikia 140/90 siku tofauti, huhitaji kuchunguzwa zaidi, kwa kuwa presha ya juu katika umri wa miaka 20 wakati mwingine hutokana na maradhi ya figo.

Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, inahusu zaidi maisha yajayo. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huu. Makadirio yanayotumika sana ni watoto 11,000 kwa mwaka. Mwenye kubeba kinasaba kimoja huwa mzima, na huenda asijue hali yake hadi apate mtoto mgonjwa. Wachumba wawili wa aina hiyo wakioana, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mwenye selimundu. Kipimo kimoja, kikifuatiwa na ushauri nasaha, kinatosha kwa maisha yote, na miaka ya chuo ndiyo wengi wanapoanza kufikiria ndoa.

Kwa maambukizi, busara ni kufuata hatari ya kila mmoja. Anayesomea udaktari, uuguzi au maabara anapaswa kupimwa homa ya ini B na kukamilisha chanjo kabla ya kuingia wodini, maana virusi hivyo huweza kukaa mwilini miaka mingi kimya huku vikiharibu ini. Aliyekulia kando ya Ziwa Victoria ana sababu ya kupimwa kichocho, ambacho hutibika kwa prazikwanteli, lakini kikiachwa hudhuru kibofu, utumbo au ini. Katika bweni lenye vitanda vya ghorofa, mwenye kikohozi cha wiki mbili anahitaji kupimwa kifua kikuu mara moja, asisubiri uchunguzi wa mwaka.

Afya ya akili nayo haina budi kuingizwa. Matatizo mengi ya akili huanza kabla ya miaka 25, lakini fomu ya kujiunga hujazwa kabla mwanafunzi hajaonja upweke, madeni na mitihani ya kurudia. Maswali machache kuhusu usingizi, hamu ya kula na kukata tamaa, yakiulizwa faraghani katikati ya muhula, huweza kuibua sonona ambayo eksirei haiwezi kuiona.

Yote haya hutegemea imani. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda hiari ya kupima VVU na usiri wa majibu. Msimamo huo huo unapaswa kutawala kila kipimo chuoni. Mwanafunzi anayehofu kuwa majibu yake yatafika kwa mlezi wa bweni hatarudi zahanati. Ndiyo maana fomu ya kujiunga inafaa kuwa ukurasa wa kwanza wa faili la siri: presha ipimwe kila mwaka, selimundu mara moja, maambukizi kulingana na hatari, hali ya akili kila muhula, na kila jibu lisilo la kawaida lipewe tarehe ya kurudi pamoja na mhudumu wa kulifuatilia.