Ngeu, Rangi na Magadi: Historia Fupi ya Vazi Jekundu la Kajiado

Husemwa mara kwa mara kwamba shuka nyekundu ni vazi la asili la Wamasai. Kilicho cha asili ni wekundu wenyewe. Kitambaa ni mgeni wa juzi. Mwanzoni mwa karne ya 20 wengi walikuwa bado wakivaa ngozi za mbuzi, kondoo na ndama, na wekundu wake ulitokana na udongo uliochanganywa na mafuta ya mnyama. Kimasai huuita udongo huo olkaria, neno lililobaki katika jina la Olkaria, karibu na Naivasha. Waswahili wa pwani nao wana ngeu, ule udongo mwekundu ambao seremala hupigia mstari. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, kutoka ngeu hadi shuka ya kiwandani, haikubadilika nguo peke yake, bali pia namna rangi inavyoshika. Na kwamba jambo hilo lawahusu watungaji wa istilahi.

Ngeu ni oksidi ya chuma. Haiyeyuki katika maji wala katika mafuta; chembe zake hukaa juu ya ngozi au baina ya nyuzi, na mafuta huzigandisha hapo. Kwa hiyo jua haliipaushi, lakini mkono huifuta, na amgusaye mvaaji huondoka na alama. Misafara ya biashara ilipoleta marekani, kitambaa cha pamba kilichopewa jina la nchi kilikotoka hapo awali, Wamasai walikipaka olkaria na mafuta kama walivyoipaka ngozi. Pamba ilikuwa mpya, kemia ilikuwa ile ile.

Mageuzi yalikuja na shuka zilizotiwa rangi viwandani, ambazo zilienea katika nusu ya pili ya karne hiyo. Hapa molekuli za rangi huingia ndani ya uzi. Lakini si kila uzi hupokea kila rangi. Sufu ni protini, nayo huzivuta rangi za asidi. Pamba ni selulosi, isiyo na mvuto huo, na rangi nyingi ziliishikilia kwa unyonge. Mwaka 1956, miaka 100 tangu William Perkin kupata rangi yake ya zambarau, kampuni ya ICI ya Uingereza ilianza kuuza rangi za Procion, ambazo hujiunga na selulosi kwa kifungo cha kikemia. Kifungo hicho hakifungi vema bila alkali: alkali huondoa protoni kwenye haidroksili ya selulosi, na hapo ndipo rangi hushika.

Alkali itumiwayo aghalabu ni magadi yaliyosafishwa kwa kuchomwa. Historia basi yarudi Kajiado kwa njia isiyotazamiwa, maana Ziwa Magadi, lenye jina la Kiswahili kabisa, limo humo humo. Kampuni ya kuyachimba magadi iliundwa mwaka 1911, mwaka ule ule wa mkataba wa pili uliowahamisha Wamasai kutoka Laikipia. Na reli yake hupita Kajiado kwenda Konza. Sehemu kubwa ya magadi huishia katika viwanda vya kioo. Kitengela nayo imekua kando ya viwanda vya mauzo ya nje vya Athi River, ambako, hasa tangu sheria ya AGOA ya Marekani ya mwaka 2000, maelfu ya watu hushona nguo. Lakini kitambaa kwa sehemu kubwa huwasili kutoka Asia kikiwa kimekwisha kutiwa rangi. Magadi yapo, mafundi wapo. Kazi ya katikati hufanyika ng'ambo.

Twaja sasa kwenye lugha. Mtunga istilahi huenda akalalamika kwamba neno rangi halitenganishi kipakwacho na kiingiacho nyuzini. Malalamiko hayo yanatazama nomino tu. Mfuaji asemapo shuka imechuja, ana maana rangi imetoka na maji, asemapo imepauka, aghalabu ni jua lililoivunja molekuli yenyewe, ngeu hufutika, na shuka njema rangi yake imekoza. Tofauti hizo ndizo ambazo mkemia huzipima maabarani, kila moja kwa jaribio lake: la maji ya sabuni, la mwanga, la msuguano. Kwa maoni yetu, istilahi zingenyambuliwa kutoka katika vitenzi hivyo kabla ya kukopa nomino mpya. Neno mchujo lina tatizo, kwani wanamichezo na wanasiasa wamekwisha kulichukua. Lakini mpauko na mfutiko bado ni huru.